Mguu wa Kushoto

Wamenipa namba: mia nne na kumi na saba.
Kule kwa mzee Petryshyn nilikuwa wa tisa,
na hiyo tisa hakuna aliyeitaja.
Waliniita Orest, au "wewe", au walinipigia honi.

Asubuhi ya kwanza nimekojoa kikombeni
kama mtoto wa kliniki.
Karani akakipokea kwa vidole viwili, akaandika saa.
Kisha darasani, Regina, dirisha limeganda,
mimi na vijana sita wenye masharubu ya kujaribia,
tukaoneshwa filamu ya namna ya kushuka kwenye lori:
ngazi tatu, mikono miwili, uso uelekee kabini.

Miaka thelathini na moja nimeshuka.
Nimeshuka na homa.
Nimeshuka na habari ya msiba wa baba
kwenye kituo cha mafuta, Swift Current, saa tisa ya usiku.
Nilishuka siku ya mnada, lori langu la buluu,
na bwana mmoja wa Alberta akalipiga teke tairi
kana kwamba linamdai.

Nikaandika kwenye daftari: ngazi tatu.

"Uzoefu," imeuliza fomu.
Imeniachia nafasi ya upana wa kidole gumba.

Mkufunzi wangu anaitwa Janelle Desjarlais,
binti yangu wa mwisho anamzidi miaka miwili.
Kucha za kijani, kofia ya sufu, maneno machache.
"Twende," akasema.
Lori jeupe, linanuka plastiki,
gia zinajibadili zenyewe huko chini kimyakimya
kama watu wanaosengenya ukiwa umo chumbani;
na mguu wangu wa kushoto ukainuka,
ukashuka kukanyaga klachi isiyokuwapo.

Ukakuta sakafu.

Kwenye taa za kutokea mjini, tena. Sakafu.
Kwenye mzani, tena.
Mazoea yana taabu,
na taabu yangu imevaa soksi mbili.
Ewe mguu, uliyeshuka Milima ya Miamba usiku wa barafu
ukizihesabu gia kumi na nane kama tasbihi,
uliyejua kabla yangu mzigo utasukuma wapi,
leo umestaafishwa bila barua,
bila hata ile saa ya ukutani.

Juu ya kioo kuna kamera. Inanitazama mimi,
si barabara.
Nikipiga mwayo inalia.
Karibu na Chaplin, juu ya nguzo ya ua,
bundi mweupe amekaa kwenye weupe wake,
nikamtazama kidogo tu,
kidogo kuliko nilivyomtazama mwaka jana —
ikalia.
"Kuna nini?" Janelle akauliza.
"Bundi."
Akageuka na kiti kizima, akamtafuta nyuma, akamwona.
Yeye kamera haimhusu.

Kwenye bohari ya dengu nililirudisha tela kwa mwendo mmoja,
giza, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
vioo vimeota ukungu pembeni.
Janelle akashuka (ngazi tatu, mikono miwili)
akapima mwanya kwa kiganja. Kiganja hakikupita.
Akarudi, akaandika kitu, hakunionesha.
Kilomita nyingi baadaye, akitazama theluji, akasema:
"Wa kwangu ulikanyaga hewa miezi miwili."
Sikujibu. Nikaongeza joto la kabini,
upande wake.

Sasa niko nyumbani, nimelala chali.
Fulana mpya ya kazi inaning'inia mlangoni
na mikunjo yake ya dukani.
Darlene amenigeuzia mgongo:
"Acha kunipiga mateke."
Nje, gari la kusukuma theluji linapanda mtaa wetu.
Nalisikia likikaza roho kilimani,
nasikia injini ikiomba, ikiomba,
na dereva, kijana bila shaka, anachelewa.
Sasa, nikanong'ona. Sasa.

Nikamkanyagia.