Mapaja ya Mwenyekiti

Bwana Lugembe wa Usagara alikosa fedha za sare za kwaya,
magauni ishirini na mawili, kola za satini,
akaniletea deni lake limefungwa miguu,
linaguguma kama dumu linalomiminwa kwa pupa:
bata mzinga.

Wiki tano akatawala uani kwetu Mabatini,
kifua mbele, shingo nyekundu
kama mjumbe aliyenyimwa posho.
Mwanangu Mhoja akamwita Mwenyekiti.
Alimfukuza mkusanya ushuru wa taka, akamfukuza mchungaji,
na kila meli ilipopiga honi bandarini
aliitika
kana kwamba ameitwa yeye.

Jumamosi nikanoa kisu.
Jumamosi siisimulii.

Mpishi wa hoteli moja kule Kapripointi alitaka kifua,
kifua tu; akapima, akalipa, akapanda pikipiki.
Mabawa alichukua jirani aliyenishikia miguu.
Tukabaki na mapaja mawili,
mazito kama viatu vya mgambo vilivyolowa,
na mimi, mtoto wa Mwaloni,
niliyekulia kwenye magamba ya samaki,
sijui pa kuanzia.

Kwetu chakula hakina maringo.
Sato mchanje ubavuni mara tatu, chumvi, ndimu,
mafuta yalie, mgeuze;
mgeni hajamaliza kunawa, jicho limeshapauka.
Lakini paja la bata mzinga ni mtu mwenye kesi.
Linataka kusikilizwa.

Nikalichanja hadi mfupani,
kila mchanjo nikauziba kwa kitunguu saumu,
mtindi, tangawizi, pilipili manga niliyoitwanga mwenyewe.
Yakalala usiku kucha ndani ya beseni,
na beseni nikaliwekea tofali kwa ajili ya paka.

Saa tatu asubuhi, ngozi chini, mafuta ya alizeti,
mpaka rangi ikawa ya jabali lililonyeshewa.
Vitunguu. Nyanya za Igoma, mbivu mpaka zinaomba radhi.
Maji ya moto, kifuniko,
na juu ya kifuniko jiwe:
Mwanza hukosi jiwe la kazi yoyote.

Mama Bugumba akachungulia: tia papai bichi.
Mwingine: tia magadi.
Wa tatu akasema panadol,
nikamtazama mpaka akakumbuka ana nguo za kuanua.

Saa tano, bado.
Kopo la pili la mkaa likaisha, nikatuma la tatu.
Nikapiga hesabu kwa chaki ya kukatia vitambaa,
mkaa, mafuta, mtindi, nyanya,
nikaona deni la Lugembe
sasa linanidai mimi.

Bibi Nkwimba, mwenye meno manne yasiyopatana,
akachoma nyama kwa njiti ya ufagio, akatikisa kichwa.
"Bado, ng'wanawane. Usiung'ang'anize.
Mfupa ukikuaga wenyewe, ndipo."

Mhoja yuko juu ya jiwe nyuma ya nyumba tangu jana,
unyoya mmoja ndani ya daftari la hesabu,
ameapa.
Harufu ikapanda kumfuata, haina haraka,
ikapita kambani kwenye sare za watu,
ikapita choo, ikapita mti wa mpera.
Nilisikia kokoto zikiporomoka kabla sijaona miguu yake.

Saa saba mfupa ukaaga.
Niliuvuta kwa vidole viwili, ukaja mweupe, mkavu,
kama mtu anayetoka kuungama.
Bibi alikula amefumba macho.
Hakusema ni tamu; alisema, "Sogeza sufuria."

Mhoja akakaa mlangoni na sahani yake ya ugali wa muhogo.
"Niwekee mchuzi tu, mama.
Mchuzi siyo yeye."

Nikamchotea mchuzi.
Ulikuwa na nyuzinyuzi za nyama, nikazifunika kwa ugali.
Alizikuta. Alinitazama. Akatia tonge.

Bandarini meli ikapiga honi,
ndefu, mara mbili.
Mhoja akaacha kutafuna,
akasikiliza uani,
kisha akaendelea.