Uchungu kwa Njia ya Simu

Saa tisa usiku, jikoni kwangu, Leicester.
Birika limepoa, mvua inakuna dirisha.
Mkalimani namba mbili sifuri saba sita:
jina langu hawalihitaji.
Upande wa pili ni wodi ya wazazi, Sunderland,
mkunga Hazel, mwenye sauti ya mtu aliyevua viatu,
na Nabintu wa Bukavu, ambaye simwoni.

Kanuni ya kazi: akisema "mimi", nami niseme "mimi".
Basi mimi, mwana wa Pangani, ndevu zenye mvi,
nimesema kwa Kiingereza safi
kwamba chupa yangu imepasuka tangu jana asubuhi,
kwamba vidonge vya madini ya chuma nilivimaliza vyote
ingawa vilinifunga choo na kukigeuza lami,
kwamba sina mzio wa penisilini,
kwamba mume wangu yuko zamu, ghalani,
na simu haruhusiwi.

Hazel anasema njia imefunguka sentimita nne, ikagoma.
Wamtundikie dripu ya oksitosini.
Natafuta maneno, nayapata:
"Mama, watakutilia dawa ya kuongeza uchungu."

Kimya.

"Papa, uchungu iko mingi sana.
Wanataka kuongeza tena ya nini?"

Lugha yetu ina ubahili hapa. Neno moja
kwa tumbo linalokaza, kwa shubiri ulimini,
kwa siku ile nilipopigiwa simu ya msiba wa mama.
Uchungu wa mwana aujua mzazi, tulisema wanaume,
tukafunga mlango, tukakaa nje na chai.

Nikaanza upya. Nguvu, nikasema. Ya kufungua njia.
Hazel akangoja.
Kuna wakunga wanaojua kungoja.

Kisha gesi na hewa. Namsikia akiivuta,
akiiachia kama tairi linaloshuka upepo.
Anacheka. Anasema kitu kwa Kishi, kirefu, kitamu,
nami kwa mujibu wa kanuni natamka:
"Mkalimani hakuelewa."

Saa kumi na nusu anaingia daktari wa ganzi.
Anasema haraka, kama mtu aliyeliacha gari barabarani:
sindano ya mgongo, mrija mwembamba kama uzi,
presha yaweza kushuka, miguu yaweza kuwa mizito,
mmoja katika mia huumwa kichwa siku kadhaa,
na mara chache mno, mno, mambo mengine.
Namhesabia moja moja kama chenji,
nisimpunje hata senti.

"Ile ilikuwa ya kuongeza. Hii iko ya kutosha?"

Kwao kutosha ni kuondoa.
Kwetu ni kufika kipimo.
Nikasema ndiyo, kwa maana zote mbili.
"Yote mara moja?"
Yote mara moja, mama.
"Wazungu," akasema.
"Wazungu," nikatafsiri,
na Hazel akacheka mpaka akakohoa.

Nakubali, nikasema.
Mgongo wangu ukasisimka kwenye kiti cha jikoni.

Sasa sauti yake imelala chali. Anauliza kama nina watoto.
Mkalimani hajibu maswali yake mwenyewe.
Ninao wawili. Sikuwahi kuuliza
mama yao alidungwa nini.

Ruhusa za mwisho, kabla hajaanza kusukuma:
sindano ya paja, ili kondo litoke upesi;
vitamini K kwa mtoto, damu yake igande.
Nakubali. Nakubali.
"Asante, mkalimani, mume wake amefika,"
na laini ikakatika.
Dakika mia moja tisini na mbili.
Mvulana au msichana, fomu haina kisanduku hicho.

Mwajabu akashuka na sare yake ya kazi, akitafuta funguo.
Nikamuuliza: usiku ule wa Salha, kule Bombo, walikupa nini?

Akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
"Kitambaa," akasema.
"Nikiume."

Akavuta kiti. Akawasha birika.