Chini ya Ulimi

Saa kumi na moja alfajiri, Dayton, theluji imegeuka tope.
Kaka yangu Thaddeus ni wa kumi na tisa kwenye foleni,
mikono kwapani, kichwani kofia ya kiwanda kilichomfukuza.
Dirisha likifunguka, nesi atamwita kwa nambari.
Atasukuma kikombe cha karatasi chini ya kioo,
dawa nyekundu kama sharubati.
Kunywa. Achama. Sasa sema kitu.
Wanataka aseme wajue amemeza.
Miaka minne kaka yangu husema neno lilelile:
"Haya."

Kisha mbio kituoni, basi la namba nane limeshaondoka.
Kazi tatu zimempita hivyo.
Msimamizi gani atamngoja mtu
anayechelewa kila siku ya Mungu
na hasemi alikotoka?

Dale Hostetler aliumia mgongo siku ileile.
Kreti moja ya breki iliwaangukia wawili.
Daktari mmoja wa kampuni, kidonge kimoja cha buluu,
wakazoea pamoja, wakazama pamoja.
Dale alikutwa amezimia ndani ya gari lake:
polisi wakampigia mkewe simu.
Thaddeus alikutwa amezimia ndani ya gari lake:
polisi wakampiga pingu.

Nilikutana na Dale dukani, kwenye misumari.
Amenenepa. Akanionyesha kipande chembamba,
kama ganda la kitunguu.
"Naweka chini ya ulimi kahawa ikichemka.
Daktari namwona mara moja kwa mwezi,
siku nyingine tunaongea kwa simu tu."
Alisema hivyo kama mtu anayesimulia mvua.
"Thad anatumia ipi?"
Nikahesabu misumari.
Sikujua kwamba ziko mbili.

Nilipiga simu kumi na moja,
nikiandika majibu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Sauti zote zilikuwa tamu hadi nilipotaja mtaa wetu.
Bima hiyo hatupokei.
Nafasi ipo Machi. (Ulikuwa Juni.)
Amewahi kufungwa?
Hakuna aliyenitukana, nitasema kweli.
Ningetukanwa ningejua pa kurusha jiwe.
Ukuta huu wameujenga watu wapole,
kila mmoja na tofali lake,
kila mmoja akisema samahani.

Odessa Whitlow, nesi mstaafu, magoti mabovu,
aliiandikia kaunti barua miaka mitatu
mpaka wakampa chumba juu ya dobi,
daktari jioni mbili kwa wiki,
na mkataba unaokwisha Septemba.
Kioo alikikataa. Fundi alikileta, akakirudisha.

Nilimpeleka Thaddeus baada ya siku mbili
za kutetemeka kwenye kochi langu, ndoo kando.
Odessa akavuta kiti, akakaa magoti yakilia.
"Unaitwa nani, baba?"
"Mia mbili na sita—"
"Sikuuliza hiyo."

Alikaa kimya muda mrefu kwa mtu anayetafuta jina lake.

Kisha akawekewa kile kipande.
"Sasa usiseme neno," Odessa akamwambia,
"kiyeyuke chenyewe. Hapa hatukukagui kinywa."
Miaka minne alisemeshwa ili aaminiwe.
Sasa aliaminiwa, akanyamaza.
Chini yetu mashine zilizungusha mashuka ya watu,
sakafu ikitetema hadi kwenye viatu,
na mimi nikiangalia taya ya kaka yangu
ikilegea, kidogo,
kama mlango uliovimba kwa unyevu.

Dakika kumi zilipokwisha hakusema haya.
Alisema: "Yule wa mbele yangu kila asubuhi,
mwenye koti la kijani. Simjui jina."
Odessa akamsogezea kalamu na fomu tupu.
"Kesho kamuulize."

Viti mle chumbani ni sita.
Tulipotoka, tulishuka ngazi kwa kupishana na magoti ya watu.