Bana Pua, Vuta Pumzi

Miaka ishirini na sita natengeneza lifti za Montevideo,
zile kuukuu za mlango wa chuma unaokunjwa kwa mkono,
na kila usiku, nikilala, nazitengeneza tena
bila malipo.

Maite, binti yangu, ana miaka kumi na minne
na jibu la kila kitu.
"Baba," akasema, akigeuza unga kwenye mafuta,
maana ilikuwa mvua, na mvua kwetu haipiti bila unga wa kukaanga,
"kwani ndoto hizo ni za nani?
Basi ingia ukijua umeingia."

Akanifundisha kama mtoto wa chekechea.
Hesabu vidole, mara kumi kwa siku.
Soma maandishi, tazama pembeni, soma tena:
ya mchana hutulia, ya usiku hucheza.
Bana pua, vuta pumzi.
Ukipata hewa, umelala.

Nikabana pua mbele ya Bi Zulma wa ghorofa ya tatu;
akadhani ni harufu ya kabichi yake.
Nikahesabu vidole kwenye foleni ya benki;
mlinzi akanisogelea.
Vitano. Vitano. Vitano.
Sijapata kuchoshwa hivyo na mkono wangu mwenyewe.

Daftari chini ya mto. Usiku wa kwanza: hakuna.
Wa pili: *kitu cha kijani.*
Wa tatu: *farasi, au shangazi Elbia.*
Wa nne kalamu ilikauka.
Usingizi ni mdeni sugu: hukopa usiku kucha,
kukicha hakujui.

Saa kumi alfajiri kengele inalia, naamka, nakaa kitako,
narudi kulala nikijiambia: nikiota, nitajua.
Nikiota, nitajua. Nikiota, nitajua.
Hata maneno yakaisha utamu
kama bazoka iliyotafunwa tangu asubuhi.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa ndani ya lifti.
Vitufe: moja, mbili, nne, samaki.
Nikatazama pembeni.
Moja, mbili, nne, Jumanne.
Nikabana pua
na hewa ikapita, baridi, laini,
kama mwenye nyumba asiyehitaji ufunguo.
"Naota!" nikapiga ukelele,
na furaha ikanibwaga kitandani kama gunia la viazi.

Maite alicheka mpaka akapaliwa.
"Umekata umeme mwenyewe, Baba.
Ukijua, usirukeruke. Sugua viganja. Shika ukuta."

Ikaja tena Agosti, upepo wa kusini ukigombana na madirisha.
Nikasugua viganja. Nikavisikia:
vikavu, vyangu, na ile grisi isiyotoka kwa sabuni.
Ukuta ukatulia. Lifti ikatulia.
Ningeweza kuruka juu ya mto ule mpana usioonyesha ng'ambo.
Ningeweza kumwita yeyote, aliye hai na asiye hai.
Jina moja lilifika mdomoni.
Nikalimeza.

Nikapanda ngazi hadi chumba cha mashine,
kama fundi yeyote,
nikawasha tochi.
Hapakuwa na mota. Hapakuwa na kamba.
Pale kamba inapopita
palikuwa na giza safi, kama limefagiliwa.
Na chini yake lifti ilikuwa inapanda,
taratibu, haina mtikisiko,
abiria ndani wakilalamikia bei ya nyama.

Nikakaa sakafuni, nikaitazama.
Sikuandika ripoti.

Leo niko kwa Bi Zulma, na kamba ya kweli mkononi;
nahesabu nyuzi zilizokatika, moja moja.
"Ni salama, fundi?" anauliza, mfuko wa vitunguu kwapani.
Natazama vidole. Vitano.
"Salama," nasema,
ila nimechelewa kidogo kusema,
na yeye ameona.