Jino la Upande wa Kulia

Graciete amekusanya makombo kwa kiganja,
amevaa miwani, ametoa kikokotoo
ambacho kitufe chake cha saba hukwama.
Ni tarehe ishirini na tatu. Mishahara imeingia,
wake wa uuguzi, wangu wa idara ya maji,
miwili, ya halali, imeshakatwa inakokatwa,
na jikoni mwetu mna ukimya
kama wa watu wanaosubiri majibu ya vipimo.

"Kodi," anasema, anaandika.
"Kodi," anasema tena, anaandika.
Ya mwenye nyumba, ya manispaa:
jina moja, vinywa viwili,
na vyote hutangulia kula.

Kisha umeme. Gari, awamu ya arobaini na moja.
Kivuko cha alfajiri, Barreiro hadi Lisbon, tiketi mbili za mwezi.
Mafuta ya zeituni, ambayo siku hizi
dukani yamefungwa kidude cha kulia mlangoni
kama saa ya dhahabu.
Halafu jino langu.
Jino langu lina mstari wake tangu Februari.
Kila mwezi analiandika,
kila mwezi analikata, taratibu, kwa rula,
nami natafunia kushoto.

Mwezi wa angani hukua kwanza, ndipo ukapungua.
Wetu huzaliwa mpevu,
na wiki haijaisha ni ukucha.

Baba yangu, Belmiro, aliendesha tramu.
Elimu yake darasa la nne, na kofia ya shirika.
Kwa mshahara ule mmoja alipanga vyumba vitatu kule Graça,
akatusomesha watatu,
na kila Agosti, siku kumi, ufukwe wa Nazaré,
tikiti maji limeviringwa taulo lenye maji
kama mtoto mwenye homa.
Sisemi zama zake zilikuwa asali.
Watu walinong'ona hata kwenye foleni ya mkate,
na mjomba alirudi kutoka vitani na mguu mmoja.
Nasema tu kwamba hesabu ilitimia.

Juzi nilipita pale.
Mlangoni pana kisanduku cha namba za siri,
wageni wa siku tatu wanaburuta mizigo ngazini, taka, taka, taka,
na pale mama alipoanika mashuka
pana mmea wa plastiki unaomwagiliwa na mvua.
Usiku mmoja mle ndani
ni siku zangu tatu za kazi.
Nilisimama kidogo. Mgeni mmoja aliniomba nimpige picha.
Nikampiga. Ilitoka vizuri.

Ilda wetu ana miaka ishirini na tisa,
shahada mbili, kazi ya kuchora madaraja,
na kitanda kilekile cha futi tatu
chenye stika za pomboo ubavuni.
Ukuta ni mwembamba: anasikia vitufe.
Jumamosi alituambia ameitwa usaili Rotterdam.
Mama yake hakusema neno,
alimwongezea supu, akamwongezea tena,
mpaka ikagusa ukingo wa bakuli.

Kwenye fomu tunajaza: tabaka la kati.
Kati ya nini na nini, fomu haiulizi.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hakuna aliyetuambia
kwamba bandu bandu nayo hufanya kazi usiku,
haipigi kelele, haina likizo,
na kwamba gogo linaweza kuwa limevaa tai.

Sasa Graciete amefika mstari wa jino.
Anaweka rula. Anaiondoa. Anaiweka.
Nyuma ya ukuta, kitanda kinalia mara moja, kinanyamaza.
"Na la kushoto?" ananiuliza,
hajainua macho.
"Linatafuna," namwambia.
"Bado linatafuna?"
"Bado."
Anashusha kalamu.