Jeshi la Mabatini

Januari tunahesabu: kofia kumi na moja, ngao nane.
Ya tisa imefunika pipa la maji kwa Luhende.
Tunajua. Hatusemi.
Dirii yangu ni debe la mafuta ya alizeti;
nikiinua mkono, kwapani panasomeka:
Hifadhi mahali pakavu.

Kwaresima, mazoezi nyuma ya mwamba wa shule.
Nkwabi fundi baiskeli, akida wa askari mia
aliyepewa kumi, anafoka: Kushoto! Kushoto!
Roma haiko mbali; ukipita gereji, umefika.

Ijumaa Kuu mvua ikatukuta mlimani Bugando.
Manyoya ya kofia, fagio tulizopaka rangi,
yakachuruzika mabegani; watoto wakapiga yowe: damu!
Nyundo nilishika mimi.
Nyamizi muuza sato hakuniuzia hata mkia
mpaka Pentekoste.

Julai tulikodiwa harusini, Ilemela,
bwana harusi apite chini ya mikuki.
Malipo pilau, na soda mojamoja.
Agosti Kasobi akaenda machimboni Geita;
kofia yake, kuku wa Nkwabi anaatamia humo.

Novemba, wale wadudu wa ziwani
waliposimama juu ya maji kama moshi,
tulimzika Luhende.
Hatukuvaa bati. Tulikwenda kama watu,
kimya, jeneza begani,
ila miguu, bila amri ya yeyote,
ikaanza: kushoto, kushoto.

Mjane ameirudisha ngao, kaisugua kwa majivu.
Pipa lake sasa li wazi.
Jana limekinga mvua.