Mara Thelathini

Bei hakuuliza.
Aliweka glavu zake juu ya kioo cha kabati,
akaelekeza kidole dirishani, juu ya mapaa ya Kuldiga,
pale jogoo wa bati anapogeuzwa na upepo
kwenye ncha ya mnara wa kanisa.
"Itafika pale?"

Nilikuwa na kamera rahisi, boksi lake limejaa majigambo:
mara mia moja na ishirini!
Andrejs, bosi wangu, aliniagiza niziuze zote kabla ya Krismasi.
Bi Velta akaisoma namba ile polepole,
kama asomaye dawa aliyoandikiwa mtu mwingine.

Nikameza mate.
Mama, nikasema, hapa kuna zumu mbili ndani ya jina moja.
Moja ni ya lenzi: vioo vinatoka, vinarudi,
unavisikia vikikwaruza kama droo ya zamani,
na kilicho mbali kinakuja na mwili wake.
Nyingine haiendi popote.
Inakata kipande cha picha ileile,
inakitandaza, inakitandaza,
kama donge la andazi moja
lililolazimishwa kujaza sinia.
Katika hiyo mia na ishirini, lenzi ina nne tu.
Zilizobaki ni hesabu ya kuzidisha.

Akafikiri.
"Yaani nne ni macho, nyingine ni mdomo."

Tukatoka na kamera mbili, theluji ikituingia kolani.
Ya kwanza ilituletea jogoo wa vigae,
miraba ya kijivu inayosukumana.
Ya pili nzito, mara thelathini, zote za lenzi.
Ukivuta umbali ule, pumzi yako tu
yatosha kumrusha ndege nje ya fremu.
Nikamwashia kitulizo cha mtikisiko,
nikamwegemeza kwenye nguzo ya taa.

Kimya.
Kisha mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia.
"Chini ya mkia. Tazama."

Nikatazama. Jogoo mzima wa rangi ya dhahabu,
na mahali pamoja, upana wa kiganja,
bati tupu.

"Ilgvars wangu! Miaka thelathini na moja
alibisha kwamba hakuruka hata inchi.
Nilimwita supu inapoa, akashuka na brashi yake.
Amekufa akibisha."

Akapiga picha sita za bati lile.
Ndipo akauliza bei.
Ikamzidi kwa euro arobaini.
Andrejs bado hajajua.